Anayemdai Mama Yetu

Kabla jeneza halijatolewa nyumbani, kaka yangu alisimama barazani mbele ya wanaume waliokuja kuzika akasema maneno ambayo kwetu husemwa kila maiti anapoondoka: kama yupo mtu anayemdai mama yetu, kikubwa au kidogo, asione haya, aje kwake yeye, kwani deni la mama tangu saa hiyo ni lake. Mimi nilikuwa ndani pamoja na wanawake, nikamsikia kupitia dirishani. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa anauliza swali ambalo jibu lake alilijua, na mimi pia nilidhani nalijua.

Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba roho ya maiti hubaki imefungwa kwa deni lake mpaka walio hai walilipe. Ndiyo sababu deni hulipwa kwanza, hata kijiko hakigawanywi kabla yake. Mama alikuwa mkali katika jambo hili kupita kiasi. Nilipokuwa mdogo aliwahi kunirudisha dukani jua la saa saba kwa sababu mwenye duka alikosea chenji akatuzidishia shilingi moja. Nililia njia nzima. Mjambere, mtaa wetu, wakati ule ilikuwa mchanga mtupu, na mimi nilikuwa sina viatu. Niliporudi aliniambia, "Walia nini? Miguu itapoa. Haki ya mtu haipoi."

Basi hakuna aliyejitokeza. Siku ya tatu ya matanga ndipo alipokuja jirani yetu, mama mmoja wa Kigiriama anayekaanga viazi karai pale njia panda, amebeba sufuria. Tulidhani amekuja kudai. Kumbe amekuja kurudisha. "Hii ni ya marehemu," akasema, machozi yanamtoka. "Mimi ndimi nadaiwa." Watu wakacheka katikati ya kilio, kama inavyotokea matangani, na kaka yangu akatembea siku hizo zote kichwa juu. Watu wa mtaani wakawa wanasema, mama wa watu ameondoka mweupe.

Mdai alijitokeza miezi saba baadaye, na aliyemleta ni mimi.

Mama alikuwa fundi wa udi. Si kuuza vile vipande vikavu vinavyotoka ng'ambo, bali kuupika: sukari ichemke mpaka ivute, udi usagike, miski, ambari, marashi ya waridi, kisha ukandwe na kufinyangwa, ukae kwenye mkebe siku kadhaa bila kufunuliwa. Alijifunza kwa mama yake, huko mjini kisiwani, kabla ukoo haujauza nyumba na kuhamia bara. Alipikia harusi za jamaa na kugawa. Kuuza hakuona kama ni jambo lake.

Wazo la kuuza lilikuwa langu. Nilikuwa karani katika kampuni ya kupitisha mizigo kule Changamwe, kazi ya kuandika nambari za makontena kuanzia asubuhi mpaka macho yaume. Siku moja wakati wa chakula nilipiga picha ya kijimkebe cha udi nilichokuwa nacho mkobani, nikaitia mtandaoni kwa simu watu waone. Hata chai sijamaliza, watu saba wameuliza bei. Wiki iliyofuata aliuliza mtu wa Nairobi, kisha mtu wa Eldoret, kisha bibi harusi aliyeko Uarabuni akitaka mikebe ishirini. Nikafungua ukurasa wa mtandaoni, nikaupa jina zuri, nikanunua vikebe vyenye vifuniko vya dhahabu. Mzigo unapanda basi usiku, asubuhi umefika. Duka halina mlango wala kibao, kanjo, wale askari wa kaunti, hawana pa kubisha. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Wateja wakaanza kutaka nambari ya malipo ya biashara, si kutuma pesa kwa simu ya mtu. Wenyewe wanasema, nambari ya biashara ndiyo inayoonyesha wewe si tapeli. Ili kuipata nilihitaji nambari ya kodi na kitambulisho. Yangu nilikuwa nayo, ile ya kazini, lakini niliamua kuandikisha kwa jina la mama. Mwajiri wangu hakutaka wafanyakazi wawe na biashara ya pembeni, hiyo ni kweli, na hicho ndicho kisingizio nilichompa kaka. Mama nilimpa kingine. Nilimwambia biashara ikianza kwa jina la mzazi huwa na baraka. Hilo nalo si uongo, ndivyo tunavyofanya kwetu: harusi, msingi wa nyumba, hata cherehani mpya, kwanza huguswa na mkono wa mama.

Lakini sababu yenyewe haikuwa mojawapo ya hizo mbili, na nitaiandika hapa kwa sababu nimechoka kuibeba. Nilijisemea moyoni: nani atamfuata bibi kizee kwa ajili ya kodi?

Alivaa buibui lake jipya siku tuliyokwenda saiba, kwenye duka la kompyuta za mtandao. Alidhani anakwenda kwa hakimu. Binti wa saiba alimjazia fomu kwenye kompyuta, na palipotakiwa sahihi kwenye karatasi ya nambari ya malipo mama akachukua kalamu akaandika jina lake polepole kwa herufi za Kiarabu, jinsi alivyofunzwa chuo cha Kurani, maana hizi za Kizungu alizisoma kwa shida. Binti akanitazama. Nikamwambia ni sahihi hiyo, ipokee. Mama akauliza, "Sasa hii nambari yangu, nina la kufanya?" Nikamjibu, "Huna la kufanya, mama. Ni nambari tu."

Biashara ilikwenda vizuri miaka mitatu. Na katika miaka hiyo mitatu nilikuwa na imani moja ambayo nimegundua baadaye kwamba nusu ya wauzaji wa mtandaoni wa upande wetu wanayo: kwamba kodi nailipa tayari, kwa sababu kila pesa ikiingia kwenye simu, kuna kidogo kinachokatwa. Nikiona kile kijisehemu kimepungua nasema, haya, serikali imechukua chake. Kumbe ile ni ada ya huduma, sawa na nauli ya pesa, na kodi ya mapato ni jambo lingine kabisa. Ila nisijifanye mjinga kuliko nilivyo. Kila mwaka mwezi wa sita nilikuwa nakwenda saiba kupeleka taarifa yangu ya kodi ya kazini, na mwaka mmoja binti yule aliniuliza, "Na ya mama je?" Nikamjibu, "Mama ana nini?" Akaendelea na kazi yake. Kila nikikumbuka jibu langu natamani kujipiga kofi.

Mama akaugua, akaugua kwa muda mfupi, na sitaki kusimulia ugonjwa. Siku ya kumkosha, sanda yake ilifukizwa kwa udi alioupika mwenyewe. Mkoshaji alikifungua kile kikebe chenye kifuniko cha dhahabu, akanusa, akasema, "Huyu alijiandalia." Nilitoka nikaenda kusimama jikoni.

Baada ya matanga sikuweza kuuza. Mikebe kumi na minne ilibaki kabatini wala wateja sikuwajibu. Aliyenirudisha ni rafiki yangu wa Magongo, anayeoka keki na kuziuza mtandaoni. Alisikia kwamba watu wa ofisi ya kodi wanakuja kwenye ukumbi mmoja Changamwe kuwafunza wauzaji wa mtandaoni wajibu wao, chai na maandazi bure. "Twende hata kwa maandazi," akanivuta. Nilikwenda kwa maandazi.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, Mdigo kwa matamshi yake, mtaratibu, ameshika karatasi asizozisoma. Akatuambia, "Nyinyi mwasema hamna duka. Sawa. Lakini mteja hununua kwa kuwa kuna mlango? Mauzo ni mauzo, yawe sokoni, yawe kwenye simu." Watu wakaguna. Akaeleza ile ada ya simu si kodi ya mapato. Nikaona mwenzangu wa keki ameacha kutafuna. Akaeleza pia kwamba nambari ya kodi hailali. Ukishapewa, kila mwaka inakudai taarifa, hata kama hukuuza kitu, hata kama ni sufuri, uandike sufuri. Usipoandika, faini inaingia kwa jina la mwenye nambari, mwaka juu ya mwaka, kimya kimya. Na jina hilo ni la aliyeandikishwa, si la aliyekuwa akila faida.

Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nikauliza, "Na mwenye nambari akiwa amekufa?"

Mwalimu aliweka karatasi zake chini. Akasema, "Pole, mwanangu. Tukimaliza njoo pale mezani."

Mezani alifungua kompyuta, nikamtajia nambari, ikatokea. Jina la mama yangu kwa herufi kubwa, na chini yake miaka mitatu, na mbele ya kila mwaka neno moja lile lile, kwamba taarifa haikuwasilishwa, na faini. Mtu ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye daftari la madeni la duka lolote la Mjambere. Nikaketi bila kukaribishwa.

Mwalimu alikuwa mwema. Akaniambia kuna njia nyepesi. Niandike barua, niambatishe cheti cha kifo, nieleze kwamba marehemu alikuwa mzee asiyejua mambo ya mitandao, niombe faini zisamehewe. "Husikizwa," akasema. "Biashara ilikuwa yake, siyo?"

Nikasema, "Ilikuwa kwa jina lake."

Akanitazama kidogo. "Sikukuuliza hilo," akasema, lakini kwa upole, akanipa karatasi yenye maelezo.

Nilitoka pale nimefurahi, wallahi nilifurahi. Njia yote ya kurudi, katikati ya vumbi na honi za malori, nilikuwa naitunga barua kichwani: marehemu, mzee, hakujua. Ilikuwa barua tamu. Nilipofika nyumbani nikafungua kabati kutafuta cheti, na mikebe ile kumi na minne ikanipiga harufu usoni, nikakaa chini sakafuni na cheti mkononi. Ndipo nilipofikiri: husamehewa nani? Husamehewa anayedaiwa. Nikipeleka barua hii, serikali itamsamehe mama deni, na maana yake ni kwamba mama alikufa na deni. Kaka alisimama mbele ya watu akaita, na mdai alikuwepo, na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha nimenyamaza.

Sikuandika ile barua. Wiki iliyofuata nilimfuata yule mwalimu wa kodi ofisini kwake nikamwambia biashara ilikuwa yangu tangu mkebe wa kwanza, mama alinipa jina lake na mikono yake tu. Akanionya kwamba njia hiyo ni ndefu: nitalipa faini za mama bila kuomba msamaha, nambari yake ifungwe, na mauzo yote ya miaka mitatu niyaandike kwenye taarifa zangu mwenyewe, niyalipie kodi pamoja na adhabu ya kuchelewa. Nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Akasema, "Basi leta hesabu."

Hesabu yenyewe sikuwa nayo. Sikuwahi kuandika kitu. Yote yalikuwa ndani ya simu, katika mazungumzo na wateja, mmoja mmoja, kwa hiyo jioni kwa jioni, nikitoka kazini, nilikuwa nayasoma tena tangu mwanzo na kunakili: mikebe mingapi, kwa nani, alilipa lini. Nilikuwa nimesahau jambo moja. Nilikuwa nikitumia sauti ya mama kuuzia. Mteja akiuliza namna ya kuchoma, nilikuwa namkabidhi mama simu, naye anasema kwa ule mwendo wake wa taratibu, "Usiweke moto mkali, mwanangu. Kaa la moto lifunike kwa jivu kwanza, kisha ndo utie udi. Ukifanya haraka utaunguza, unuke moshi." Sauti kama hizo zilikuwa nyingi, kwa watu nisiowajua, Nakuru, Lamu, Dubai. Nyingine unamsikia akikohoa. Moja anamuuliza bibi harusi kama mama yake yu hai, na akijibiwa hapana, anasema, "Basi mimi nakupa radhi." Nilikuwa nakwenda kuhesabu mikebe kumi, nabaki saa nzima pale pale.

Kisha nikafika kwenye mazungumzo yangu mimi na yeye. Nilitaka tu kuona siku nilizomwambia apike kiasi gani. Mwaka mmoja na nusu kabla ya kufa kwake alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti nikiwa kazini. Sikuukumbuka hata kidogo. Nikaubonyeza, na lahaja yake ya kisiwani ikaja vile vile, yeo kwa leo, mato kwa macho, ndoo kwa njoo.

"Mwanangu, yeo nimeletewa maneno kwenye simu, marefu. Mato yangu hayaoni vema lakini naona neno kodi na naona jina langu. Kama wanidai nambia, nina vijipesa vyangu chini ya godoro. Ukirudi ndoo unisomee."

Chini yake kulikuwa na jibu langu. Sikuwa hata nimesema, nilikuwa nimeandika, kwa haraka, bila nukta, huku nikiandika nambari za makontena: achana nao mama hao ni matapeli futa tu. Sikumsomea. Niliporudi nyumbani siku hiyo sikumuuliza. Na yeye alikuwa amejibu kwa sauti, ujumbe mfupi wa mwisho katika mazungumzo ya siku ile.

"Haya. Mradi sidaiwi."

Nililia vibaya usiku ule, sitaki kudanganya kwa maneno mazuri. Mama aliuliza. Mtu mzima mwenye macho mabovu aliona kile nilichokataa kukiona mimi ninayesoma, akafungua mkono wake alipe, na mimi nikamwambia afute. Kama ningesoma ule ujumbe wa kodi, ingekuwa kwenda saiba mara moja na kuandika taarifa, basi. Angeondoka mweupe kweli, si kwa maneno ya watu wa matangani.

Nililipa kila kitu. Ilikula akiba yangu yote na ikala mikebe kumi na mitatu niliyoiuza, kila mmoja nikauandikia risiti, mtu asiniulize. Wa kumi na nne ninao. Nambari ya mama ikafungwa, na barua ya kufungwa nikapewa mkononi na mwalimu yule. Akasema, "Mama yako yu salama sasa," nami nikaitia barua mkobani. Jambo moja likawa limebaki. Kaka alijitwika deni mbele ya watu, na ni haki yake kujua kwamba lilikuwepo.

Nilikwenda kwake Ijumaa baada ya swala. Nilimweleza yote, mpaka ile sababu ya moyoni niliyoificha. Yeye ni mtu wa hasira za karibu, nilijiandaa kwa matusi. Aliisoma barua ya ofisi mara mbili, akaikunja. Kisha akauliza swali moja tu: "Mama alijua?"

Ningeweza kusema hapana. Nikatoa simu, nikaweka ule ujumbe juu ya meza, nikaubonyeza. Sauti ya mama ikajaa chumbani, yeo, mato yangu, ndoo unisomee. Nikamwonyesha jibu langu alisome mwenyewe, sikuweza kulitamka. Kisha ule wa mwisho. Mradi sidaiwi.

Kaka alikaa ameinamisha kichwa. Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Tuliusikiliza mara nne au tano, na mara ya mwisho aliubonyeza mwenyewe. Halafu aliinuka, akanirudishia simu na barua, akaniambia nipitie jikoni kwa mkewe nile kabla sijaondoka. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwomba.